Fimbo ya Selfi na Mkono wa Mama

Chumba cha juu, nyuma ya duka la miwani,
Jumatano, mchana.

Mpendwa shemeji yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani? Siulizi kwa mazoea, nauliza kwa sababu sijui na natamani kujua. Unakula? Unalala? Kazini unakwenda? Sisi huku ni wazima isipokuwa Mama, na habari zake nitakupa zote bila kukuficha. Mama yu hai. Nimelitanguliza hilo ili usihangaike kulitafuta huko chini.

Dada yako amekupigia simu mpaka amechoka kuisikia ile sauti ya kwamba hupatikani. Ujumbe wetu unabaki na alama moja tu, haufiki. Wa kwako wa mwisho tuliupata Jumamosi ile ile ya ajali: "Mimi ndiye niliyemvunja Mama. Msinitafute." Shemeji, hayo ni maneno gani ya kumwandikia dada yako? Aliyasoma amekaa kwenye benchi la hospitali, viatu vya Mama amevipakata. Alinipa simu nisome mwenyewe kisha akaenda kusimama ukutani, kanipa mgongo. Tangu hapo tunamwogopea Mama, na wewe tunakuogopea vile vile.

Nakuandikia mimi kwa sababu yeye kila akishika kalamu anaishia kulia, na kwa sababu mimi nilikuwepo. Wewe kwenye simu ya video uliona mbingu, ukasikia ukelele, kisha kioo kikawa cheusi. Basi ngoja nikueleze ambayo hukuyaona, maana nadhani hayo ndiyo yanayokutafuna.

Kazi yangu unaijua. Nasimama mlangoni pa lile gurudumu kubwa kwenye bustani ya michezo, nanyang'anya watu fimbo za selfi kabla hawajapanda. Wenzangu wamenibandika jina, Bwana Fimbo, na watoto wa wateja nao wamelidaka. Nimeona mengi pale. Kuna mzee mzima na kitambi chake aliyeitia fimbo ndani ya mguu wa suruali, akaja anachechemea. Nikamwambia pole kwa mguu, mzee, ila huo mguu utabaki kwenye ndoo yangu. Kuna mama aliyeilaza kwenye kigari cha mtoto, akaifunika blanketi, akanisihi nisimwamshe mwanawe. Kuna bibi harusi aliyenitukana mbele ya wapambe wake hadi jasho likaharibu poda. Wote fimbo zao ziliingia kwenye ndoo. Hata mkurugenzi wetu alipokuja na wageni nilimwambia mikono juu, mkubwa, na akainyoosha.

Sifanyi hivyo kwa roho mbaya, ingawa wengi wananiona mnoko. Viti vyetu viko wazi, na vyuma vinapita karibu navyo. Kwa hiyo utaratibu ni mmoja kwa kila mtu: unainua mikono, unageuza viganja, unafungua mkoba, mwavuli unaukunjua. Simu inapanda ikiwa mfukoni. Mtu akitaka picha, tunaye mpiga picha wetu chini, anapiga vizuri tu.

Jumamosi Mama akaja. Hakuniambia kuwa atakuja. Nilimwona kwenye foleni, amevaa viatu vyake vya kutokea, mwavuli kwapani, anacheka na watu asiowajua kama kawaida yake. Zamu yake ilipofika, shemeji, niliinamisha macho. Ningefanyaje? Yule ni mama mkwe wangu. Tangu nimwoe dada yako sijawahi hata kunyoosha miguu nikiwa naye sebuleni. Leo nimwambie anyanyue mikono nimtazame, mbele ya umati? Na yeye, kwa uchokozi wake, akaniuliza, "Baba, mimi hunikagui?" Nikamjibu, "Nikukague wewe Mama, mimi nimekuwa nani?" Foleni nzima ikacheka. Akapita. Ile fimbo uliyomtumia ilikuwa ndani ya mwavuli.

Kwa hiyo ukitaka kugawa lawama, anzia kwangu. Wageni wote niliwakagua, nikamwacha mmoja tu, naye ndiye niliyepaswa kumlinda kuliko wote. Ofisini nimeyasema hayo hayo. Wamenisimamisha kazi hadi wakae kikao. Sina kinyongo nao, na wala si hilo linalonikosesha usingizi.

Sasa soma hapa taratibu. Kiti chake kilimaliza mzunguko wa kwanza kikapita nyuma ya mgongo wangu. Mimi nilikuwa nabishana na bwana mmoja aliyeshikilia kuwa fimbo yake ni ya kutembelea. Ndipo nikasikia sauti yako kwenye spika ya simu: "Inua Mama, inua zaidi, nione paa letu." Nilisikia kwa masikio yangu haya. Kugeuka, kiti kimeshaanza kupanda, na fimbo imechomoza nje, simu nchani. Nikapiga kelele. Fundi wa mitambo akazima hapo hapo, lakini gurudumu lile likizimwa linajivuta kidogo kabla ya kusimama, na huko kujivuta kukatosha. Fimbo ikanasa kwenye vyuma. Mama angeiachia yangekwisha, ila alikuwa ameuvaa ule ukamba wake kwenye kifundo cha mkono, wa kuzuia simu isianguke. Simu kweli haikuanguka, ilipasuka kioo tu ikazimika. Kilichovunjika ni kifundo.

Fundi alipanda kwa ngazi na koleo mdomoni, akaukata ukamba, akamshikilia hadi tukamteremsha. Mama hakulia. Uso ulikuwa umempauka, na alichoniuliza ni kimoja: "Mwanangu bado yuko hewani?" Nikamwambia yuko. Nilidanganya.

Tangu tufike hospitali anamweleza kila mtu kwamba aliinua mwenyewe kwa tamaa yake. Amemwambia daktari, amemwambia dada yako, amemwambia hata mfagizi wa wodi ambaye hakuuliza. Wewe hakutaji kabisa. Dada yako anadhani unajilaumu kwa kuwa wewe ndiye uliyeinunua fimbo, na mimi nimemwacha adhani hivyo. Yale niliyoyasikia hayatatoka kinywani mwangu. Nimeyaandika hapa mara moja tu ili ujue kwamba ninayajua, na bado nakuita shemeji yangu.

Lakini sasa tumekwama, na ndiyo sababu ya barua hii. Mfupa ulitokeza nje. Daktari anataka kumlaza kwa dawa ya usingizi auunge, na Mama amekataa. Kidonda kimeanza kutoa usaha, homa inapanda kila jioni. Ni mkono wa kulia, shemeji, wa kusukia nywele, ule uliowalisha na kuwasomesha kwa vichwa vya watu. Daktari ametuambia waziwazi kwamba mwisho ni Ijumaa asubuhi, zaidi ya hapo hatutazungumzia kuunga, tutazungumzia kukata.

Tumembembeleza, amekataa. Dada yako amemgombeza, akageukia ukuta. Nimemletea hadi mteja wake wa miaka mingi, mwalimu yule mwenye nywele nzito, nikidhani atamchekesha kidogo akubali. Akamwambia tu nywele zako zimekauka, ukitoka hapa kazipake mafuta. Mimi nikaanza kuamini ni ukaidi wa kizee.

Jana dada yako alipotoka kuchota maji ya moto, Mama akaniita nisogee. Alisema pole pole, akiniangalia usoni, naye huwa haniangalii hivyo. "Baba, wakinilaza nisiamke, neno la mwisho la mwanangu kwangu litakuwa lile la inua zaidi. Ataishi nalo. Sitalala kabla hajaniambia jingine."

Nikatoka nje nikalia kwenye maegesho ya magari. Mlinzi akanifuata kuniuliza kama nimepoteza funguo.

Umeelewa, shemeji? Haogopi kisu wala mauti. Anakulinda wewe, kwa mkono unaooza, na wewe umezima simu. Nisamehe nikukaripie, mimi ni mkubwa wako kidogo. Umejifungia ili ujiadhibu, kumbe anayeadhibiwa ni mgonjwa. Hasira nilizokuwa nazo juu yako jana sikuwahi kuwa nazo juu ya mtu yeyote, na leo asubuhi zimeisha zote, nimebaki na hofu tupu. Yaliyopita si ndwele. Nakuomba, nakusihi, nakupigia magoti, na unajua nilivyo na goti bovu.

Hapa nyumbani maisha yanajikokota. Dada yako analala kwenye kiti cha wodi, anakuja kuoga tu na kuondoka. Mimi haniambii neno moja kwa moja, anamtuma mwanetu Chiriku: mwambie baba yako chumvi imekwisha, mwambie baba yako shati limechanika. Tumesimama wote watatu jikoni. Chiriku anafikisha kila neno kwa uaminifu, na mengine anaongeza ya kwake. Simlaumu dada yako. Ana mama mmoja na mdogo mmoja, na kwa wiki hii moja anaona wote wawili wanamponyoka.

Chiriku anakusalimu sana. Ameuliza kama mama yake mdogo naye amelazwa, maana hapokei simu. Fundi wa mitambo anakusalimu, anakuja kumwona Mama kila akitoka zamu, anakaa kidogo, anaondoka. Mwalimu wa nywele nzito naye anakusalimu. Dada yako hakunituma salamu kwa kuwa hajui ninaandika, lakini picha yako ile ya mahafali ameitoa ukutani, anatembea nayo kwenye mkoba.

Mungu akufunike kwa huruma yake, akutoe huko ulikojificha, na amrudishie Mama mkono wake.

Jambo la mwisho. Aliyekuletea barua hii ni jirani yetu mshonaji, anakuja huko kumtembelea mwanawe. Nimemwomba apitie kwako kwanza, na asiondoke mlangoni hata ukimfungia. Tumepatana kwamba akishaiweka mikononi mwako anipigie mimi, kisha akae kimya, akuache usome. Kwa hiyo laini iko wazi tangu uliposoma salamu zangu. Unaposoma haya mimi niko kando ya kitanda, simu nimeiweka sikioni mwa Mama, na daktari tumemwambia asubiri nje. Chukua hiyo simu aliyoishika. Usimwombe radhi, hataki radhi. Mwite tu, aitike, alale.

Ni mimi mume wa dada yako,
nikupendaye kama mdogo wangu wa tumbo moja.