Kidole Kabla ya Saksafoni

Kwa kumkumbuka mpendwa wetu Tahlil Dubow, wa Isiolo na Handsworth, dereva wa basi na mpenzi wa santuri.

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ya Februari ulipoanguka jikoni kabla chai haijachemka. Mama alikukuta umelala chali, kidole cha shahada kimenyooka. Watu wa msikitini walipoambiwa walifurahi kwa ajili yako, wakasema huo ni mwisho mwema, kila mtu auombe.

Wanasema mwaka wa kwanza ndio mgumu, ukishapita moyo hutulia. Wetu umepita na haukutuliza kitu. Mama amenipa mimi, binti yako Ifrah, kalamu, maana anasema akianza yeye hatamaliza. Kaka Abdullahi alitaka maneno mafupi ya heshima: ulikuwa mcha Mungu, ulipenda watu, basi. Ni kweli yote. Lakini kuna jambo nililokuambia likakosa kufika, na sina pahali pengine palipobaki pa kuliweka.

Nianze na mazuri, maana yalikuwa mengi. Uliendesha basi katika Soho Road, huku ughaibuni, miaka ishirini na sita. Ukimwona mtu anakimbia ulimngoja, halafu ukarudi nyumbani ukilalamika kwamba watu wa Handsworth hawajui saa. Jumapili ulipiga pasi mashati matano ya kazi na hukumruhusu Mama ayaguse. Daktari alikuuliza unatia sukari vijiko vingapi, ukasema kimoja, na Mama akiwa kiti cha pili akakohoa.

Na ulikuwa na santuri zako. Ulipokuwa kijana Nairobi uliajiriwa kufagia duka la muziki, ukatoka humo na ugonjwa usio na dawa: jazi ya mpiga tarumbeta mmoja wa Marekani na wenzake wanne. Jina lake hukulitaja nyumbani. Ulimwita Bwana Mkubwa. Wale wengine nao uliwabatiza upya. Wa saksafoni alikuwa Msemaji, kwa sababu akishika zamu haachii. Wa kinanda alikuwa Mpole. Wa ngoma ulimwita Mvua, na yule wa besi, ambaye hakuna aliyemsikia ila wewe, ulimwita Mbeba Mizigo.

Tukisifu tarumbeta ulitukatiza. "Bwana Mkubwa ameandikwa mbele ya jalada kwa herufi kubwa, hata kipofu anamwona," ulisema. "Geuza nyuma. Soma zile ndogo. Hao ndio waliobeba kazi." Ukatusomesha herufi ndogo kabla hatujajua kusoma vitabu.

Kuna waliokunong'oneza kwamba Muislamu mzima na muziki wapi na wapi. Hukubishana nao. Ramadhani ilipoingia uliifunika mashine ya santuri kwa leso ya Mama, na siku ya Idi ukaifunua baada ya pilau. Rafiki yako Lakhbir, Singasinga wa Nakuru, ndiye aliyekuwa akija siku hiyo na kasha la peremende na santuri moja kwapani. Mlijuana kwenye basi lako. Aliangusha miwani akatukana kwa Kiswahili, na wewe ukamjibu kwa Kiswahili kwamba mtu mzima hatukani mbele ya abiria. Tangu siku hiyo hamkuachana.

Lakini kitu chako hasa kilikuwa kidole. Tulipokuwa wadogo ulituketisha kwenye zulia. Tarumbeta ikikaribia kumaliza maneno yake, ulifumba macho na kunyanyua kidole: ngojeni. Tukabana pumzi. Halafu saksafoni ikaingia, saa ile ile, na hukukosea hata mara moja. Abdullahi alikuwa akiamini kwamba Msemaji yuko ndani ya kabati akingoja ruhusa yako.

Sasa niseme lile.

Ulistaafu ghafla, ukasema ni mgongo. Baada ya hapo ukaanza kuwa mtu mwingine. Tulikuita mara tatu ndipo ugeuke. Simu zetu hukuzipokea. Mama alisema umetia pamba masikioni makusudi ili usitumwe dukani. Abdullahi alikuwa amekununulia zile headphone kubwa, nasi tukadhani muziki umehamia humo ndani na sisi tumebaki nje. Tulicheka kwanza. Baadaye tuliudhika.

Julai ya mwaka juzi nilikuwa na mimba ya miezi sita. Mama alikuwa amesafiri kwenda Isiolo, na Issack, mume wangu, alikuwa zamu Coventry, ambako simu hufungiwa kabatini. Saa tano asubuhi niliteleza kwenye ngazi za nyumba yetu ya Great Barr, nikaona damu. Niliita ambulensi, na nilipokuwa nikiingoja nilikupigia wewe. Sikutaka uniokoe. Nilitaka tu baba yangu awe pale. Binti yangu Asmahan, wa miaka saba wakati ule, alinishika mkono akawa anarudia kwamba nimpigie tena babu yake, "Try Awoowe again, Mum. Try Awoowe." Nilikupigia mara kumi na moja.

Mtoto hakuishi. Daktari aliniambia kwamba hata ungekuja usingezuia kitu. Sikumsikiliza. Nilihitaji mtu wa kumlaumu, na wewe ulikuwa karibu.

Ulikuja wodini siku ya pili na sufuria ya wali imefungwa kwa taulo. Nilikuuliza, "Ulikuwa wapi?"

Ulinitazama mdomo kwa muda, ukasema, "Nyumbani."

"Ukifanya nini?"

"Nilikuwa na santuri zangu, mama."

Nikakwambia mbele ya wauguzi, taratibu, neno kwa neno, ili lisipotee hata moja: "Basi kaa na tarumbeta yako. Mjukuu wako amekufa wewe uki-enjoy muziki. Usikanyage kwangu tena."

Uliweka sufuria chini. Ulitafuta pa kuiweka, ukakosa, ukaiweka sakafuni, ukaondoka. Neno hilo, Baba, lilifika. Niliuona uso wako.

Wazee husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mjukuu wako hakuja. Majuto yalikuja. Ilinichukua miezi minne. Novemba nilipanda basi lako la zamani, nikashuka Soho Road, nikaingia nyumbani bila kubisha maana ufunguo ninao. Mama alikuwa amerudi toka safari lakini alikuwa sokoni. Wewe ulikuwa kwenye kiti chako, umenipa mgongo, mbele ya mashine. Headphone zilikuwa mezani. Santuri ilikuwa ikizunguka na nyumba nzima kimya.

Nilidhani umesikia mlango ukapunguza sauti ili unisikie. Au ili nijue kwamba umenisikia na hutageuka. Nilisimama pale pale mlangoni. Nilisema yote. Nilisema, "Baba, nilikukosea. Nilikutukana mbele za watu ukiwa na chakula mkononi. Sikuwa na akili yangu. Nipe radhi yako, siwezi kuishi bila radhi yako." Nililia. Nilikuambia jina tulilotaka kumpa mtoto. Nilizungumza mpaka sindano ikakaribia katikati ya santuri.

Ndipo ukanyanyua kidole.

Hukugeuka. Ulinyanyua tu kile kidole, polepole, na mimi niliyekulia chini ya kidole hicho sikukitambua. Niliona mzee anayeniambia ninyamaze. Nikanyamaza. Nikafunga mlango, nikarudi Great Barr, nikamwambia Issack, "Amekataa." Miezi mitatu baadaye nilisimama makaburini Handsworth nikakutupia udongo kwa mkono nikiwa mtoto aliyenyimwa radhi.

Mwezi wa nane Mama, yeye aliyekuwa zamani akikuambia kila siku upunguze kelele, alisema anataka kusikia santuri moja. Moja tu, ile yenye jalada la kijivu. Mashine ilizunguka lakini haikutoa sauti. Tukamwita Lakhbir, maana alikuwa fundi umeme kabla hajastaafu. Alipiga magoti kwa shida, akafungua kile kisanduku cha kukuza sauti, akakimulika kwa tochi ya simu.

"Ifrah beti, binti yangu, njoo uone. Fuse imeungua kabisa. Hii amp ilikufa kitambo sana, vumbi imelala ndani kama blanketi."

"Haiwezekani, Uncle. Alikuwa anaskiza kila siku."

"Anaskiza na nini? Hii haiwezi toa hata sauti ya mbu."

Mama akasema, "Alikuwa akivaa zile za masikioni."

"Za masikioni zinachomekwa hapa hapa, Mama Ifrah. Hakuna kitu." Akakaa chini sakafuni, akavua miwani. "Mimi nilikuwa namwambia maneno, ananiambia 'sawa, sawa.' Nikafikiri ameni-bore, ama mimi nimem-bore."

Asmahan alikuwa ameegemea kiti chako. "So Awoowe was just watching it go round?" aliuliza. Yaani babu yake alikuwa akiitazama tu ikizunguka.

Nilitoa jalada la kijivu ili kuirudisha santuri, na karatasi ikaanguka. Ilikuwa barua ya kipimo cha masikio, ya Aprili ya mwaka juzi, miezi mitatu kabla ya ngazi zangu. Ilikuwa na mchoro wenye mistari miwili inayoshuka. Abdullahi aliisoma kwa sauti, akaisoma tena. Sikio la kushoto halina kitu. La kulia limebaki na kidogo, nalo linakwenda. Umepewa miadi ya kifaa cha kusikia, nacho hatukukiona kamwe.

"Mgongo!" alisema Mama. "Aliniambia mgongo, na gunia la mchele analibeba yeye." Akajifunika uso kwa mtandio. Miaka miwili aligombana na mtu asiyemsikia, mtu aliyetazama mdomo wake na kusema, sawa, Fosia.

Nyuma ya karatasi uliandika kwa kalamu ya wino, kwa zile herufi zako ndogo: "Ifrah amepiga mara 11. Sikusikia. Nitamwambiaje?"

Ungesema neno moja tu, Baba. Nakuambia hivi nikiwa na hasira, na nitaiacha hasira hapa kwa sababu ni yako. Neno moja, sisikii, na ningekupa masikio yangu. Ulionea haya kitu gani? Ulikubali nikuite muuaji kuliko nikuite kiziwi. Na mimi pia ningefanya kitu kimoja tu: hatua tatu. Mlango hadi kiti chako ni hatua tatu, nimezipima. Ningekugusa bega ungegeuka, ungenitazama mdomo, ungejua nimekuja. Nilisimama mlangoni kwa kiburi, nikaomba msamaha kwa mgongo wako.

Siku ile ulikuwa ukiisikia santuri kichwani, yote, Bwana Mkubwa na wenzake wote wanne, mahali ambapo hapakuwa na sauti hata ya mbu. Kidole hakikuwa changu. Kilikuwa cha Msemaji.

Lakhbir alitengeneza fuse kesho yake. Hakuna aliyetaka kuiweka santuri tena isipokuwa Mama. "Weka," alisema. Tarumbeta ilipiga, na ilipokaribia kumaliza sote tulikitazama kiti. Saksafoni ikaingia, na hakuna mmoja wetu aliyekuwa tayari.

Watu wananiambia, "Mzazi hasusii mwanawe, alikusamehe." Wanasema kwa wema. Hawajui, na mimi sijui, na aliyejua tumemzika. Wanakumbuka kidole chako kilichonyooka jikoni na wanasema ni shahada. Naamini ni shahada. Lakini huja saa ninapoosha vyombo nikajiuliza kama ulikuwa ukimwambia Mama angoje, kwamba kuna mtu bado hajaingia.

Hutasahaulika nyumbani humu, Baba, wala barabarani uliposimamisha basi kwa ajili ya wanaokimbia. Wanaokukumbuka tumewaandika kama ulivyotufundisha, nyuma ya jalada, kwa herufi ndogo:

Fosia, mkeo, besi. Ndiye aliyebeba, na sasa anabeba peke yake.
Abdullahi, mwanao, wa Erdington, ngoma. Alikuosha kwa mikono yake.
Lakhbir, rafiki yako, kinanda. Idi iliyopita alikuja na peremende akasimama nje.
Issack, mkweo, na Asmahan, mjukuu wako, ambaye sasa husoma nyuma ya kila kitu.
Mdogo wake Asmahan, aliyelala safu ya nne kutoka kwako. Jina lake ni Tahlil. Nilikuambia Novemba.
Ifrah, binti yako, aliyechelewa kuingia. Nilikuja, Baba. Nilisimama nyuma yako nikasema nisamehe.