Mfuko wa Mwaka 2010

Evansville, Jumanne jioni

Dada yangu Verlene,

Nakusalimu mara nyingi kuliko viroboto wa yule mbwa wa shemeji Garland. Goti linaendeleaje? Shemeji bado anagombana na kinyozi? Sisi huku wazima. Lorna mke wangu anakusalimu, na mimi bado nauza soksi na karanga za kuchemsha kwenye buti la gari kila Ijumaa watu wakitoka kazini. Ukiona nimeshika kalamu badala ya simu, ujue kuna jambo. Kwenye simu ningeanza utani, ungecheka, tungekata bila kusema kitu.

Dada, nimepigwa na butwaa. Tangu Jumamosi chakula hakishuki. Lorna kaniuliza nani kafa.

Barua yako ilifika Jumamosi, pamoja na ile karatasi ya akiba yako ya uzeeni. Umesema Ijumaa ya wiki ijayo unasaini kustaafu, wenzako wa tawi la Owensboro wameshaagiza keki, na kwamba mimi ndiye mjanja wa mambo haya, nikupigie hesabu itakufikisha wapi. Basi nikatoa na karatasi yangu, nikaziweka mezani pamoja. Nikadhani miwani ina uchafu. Nikaifuta kwa shati, nikatazama tena. Verlene, tumeingia kiwanda cha magodoro wiki moja! Mshahara uleule, makato yaleyale! Yangu ni zaidi ya mara mbili ya yako. Nikamwita Lorna asome yeye. Kasoma, kavuta kiti kakaa.

Unakumbuka mwaka 2003, yule bwana wa tai alivyokuja kwenye chumba cha chakula na orodha ya mifuko ya kuwekeza? Akaongea haraka kama mnadi ng'ombe, akaondoka kabla sijamaliza mkate wangu. Mifuko ilikuwa na majina ya miaka: 2010, 2020, 2030. Mimi nikapanda juu ya benchi nikawauliza, jamani, nani anataka kungoja mpaka 2030, meno yameshaisha? Chukueni 2010, tuvune mapema, tukavue samaki! Lamar Stubblefield akanifokea nishuke, eti mtu niliyekimbia shule darasa la nane nimfundishe yeye pesa, kwanza nimrudishie pesa ya soksi zake, moja iko fupi. Watu wakacheka, kila mmoja akajaza fomu yake. Wewe ulikuwa unakimbilia hospitali kwa mama. Ukanipa fomu yako, ukasema, Dewey, nijazie kama yako. Nikajaza 2010.

Halafu ukahamia tawi la kiwanda huko Kentucky. Na sasa nifike kwenye lile linalonichoma.

Januari 2010 nilivaa koti la kanisani nikaenda ofisini kwa Bi Janine, yule anayeshika akiba zetu hapa kiwandani, kuvuna. Alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Akaniambia, wewe baba, huo si mwaka wa kuvuna, ni mwaka unaotarajia kustaafu! Ukikaribia, wanatoa pesa kidogokidogo kwenye hisa za makampuni, wanaikopesha serikali, zitulie, ila zinakua polepole. Akaniuliza, mtu wa miaka arobaini na minne unalaza pesa za nini? Siku ileile nikahamishia zangu kwenye mfuko wa 2030.

Zako nikaziacha zimelala. Nilijua, Verlene. Miaka kumi na minne nimejua.

Nilitaka kukwambia Jumapili iliyofuata. Lakini wewe ndiwe uliyeanza kupiga simu. Soko la hisa lilikuwa limeanguka mwaka 2008, wengi wamepoteza karibu nusu, zako zimeshuka kidogo kuliko za wote. Ukaniambia umesimama kanisani umeshukuru Mungu kwa mdogo wako mwenye akili. Maisha yangu yote watu wananiita mchekeshaji tu. Hakuna aliyewahi kuniita mwenye akili. Nikajisemea nitakwambia Krismasi. Krismasi ikaja, shemeji kanichomea mbavu za nguruwe za shukrani, nikazila. Nikajidanganya tofauti itakuwa ndogo. Sikujua ni hivi. Haki ya Mungu sikujua ni hivi.

Jana nimemuuliza Bi Janine. Anasema kama hujasaini, kazi bado ni yako, na ukiongeza miaka hata pensheni ya serikali inapanda. Mfuko unaweza kuubadilisha sasa hivi, lakini ile miaka iliyopita hairudi. Zilizozidi kwangu, nusu ni zako. Lorna amekubali. Si zawadi hiyo, usinishukuru.

Usisaini. Keki waile, wewe rudi kwenye cherehani. Najua goti linauma, najua ulishahesabu siku. Ni mimi niliyekufanyia hivi.

Msalimie shemeji Garland, na ukimsomea barua hii usiruke mstari. Wabusu wajukuu. Usinipigie kwanza. Nenda ofisini uifute ile taarifa ya kuacha kazi, ndipo unipigie unitukane mpaka uchoke. Nitapokea, na sitatia utani hata neno moja.

Mdogo wako,
Dewey