Mibuni Kwenye Shamba Langu

Mlalo, Jumanne, masika ya 1956

Eti nigawe shamba mapema! Yakobo, mdogo wa marehemu mume wangu, amekuja leo na kuyasema hayo mbele ya binti yangu Naomi.

"Shemeji, saratani ya ini haimwachi mtu. Tupange mambo ungali na nguvu."

Nikamweleza alichosema daktari wa Tanga aliponipima tena baada ya upasuaji. Uvimbe ulikuwa mdogo, ulitoka wote, na ini lililobaki ni zima. Nisiguse pombe, nile vizuri, nirudi kila anaponiita, kwani uvimbe unaweza kuota tena. Hakuniahidi uzee.

"Unaona? Hata yeye hajui."

"Basi na wewe hujui, shemeji."

Naogopa, sikatai. Kichomi kikinishika ubavuni, nadhani uvimbe umerudi. Lakini alipoondoka tu, mimi na Naomi tulichukua majembe tukapanda miche ya kahawa kwenye kipande kile kile anachokitamani. Kovu liliniuma. Nikapumzika, nikaendelea.

Naomi akauliza, "Mama, si itachukua miaka kuzaa?"

Ndiyo maana nimeipanda.