Neno Moja katika Barua ya Mamboya

Jumatatu, 2 Agosti 1909. Kongwa
Barua imefika kutoka misheni ya Mamboya. Kwa Kiingereza — mzungu kijana wa huko bado hajajua Kiswahili. Nimeisoma mwenyewe, polepole. “Bartolomayo wetu, *patient*, yuko hapa siku ya kumi na moja. Anakuulizia sana.” Neno hilo nalijua. Nililiandika kwa mkono wangu kwenye karatasi za maneno za Bibi Harlow, mmisionari wetu anayetunga kamusi: mvumilivu.

Mume wangu, mvumilivu! Mtu aliyemwendea baba yangu mara tatu katika wiki moja kuulizia jibu la posa. Kumbe kazi ya reli imemfunza. Nikamsomea mama mkwe, Mama Loisi. Akacheka mpaka akaweka ungo chini. Huyo si mwanangu, akasema, wamekosea mtu.

Nimetwanga uwele huku naimba.

Jumatano, 4 Agosti
Bibi Harlow amerudi kutoka Mpwapwa. Tulipokaa kwenye maneno ya kamusi yake nikamsimulia habari ya barua. Kalamu yake ikasimama.

“Nipe niisome.”

Akaisoma mara mbili. Akanishika mkono — hajawahi.

“Yudith, neno hili lina maana mbili. Ni mvumilivu. Pia ni mgonjwa anayetibiwa.”

Ugonjwa gani? Barua haisemi. Nikamuuliza kwa nini wamempa mgonjwa jina hilo. Akafikiri. Labda kwa kuwa hana la kufanya ila kungoja, akasema.

Siku mbili nimecheka, naye kalala huko ananiulizia.

Alhamisi, 5 Agosti
Mama Loisi hakubali kubaki. Tunaondoka sasa hivi. Unga, maji, shuka la pili la Bartolomayo.

Jumamosi, 7 Agosti. Mamboya
Tumefika mchana. Mguu. Chuma cha reli kilimwangukia. Amekonda, macho ni yaleyale. “Umekuja upesi,” akasema, akageuza uso ukutani nisimwone. Nimemwosha mikono na shingo. Mama yuko kisimani.

Mzungu kijana ameingia, akasimama miguuni pa kitanda, akasema nami kwa Kiingereza, taratibu, neno moja moja. Kidonda kimeoza. Kesho asubuhi akate, juu ya goti. Kwanza mimi nikubali.

Safari hii nimeelewa yote.

Bartolomayo ameshika pindo la kaniki yangu. “Amesema nini, Yudith?”

Nimemwambia angoje, namalizia mstari huu —