Kwa Nini Bibi Hakukutaja

Kighare, Ugweno,
Upareni.
Jumapili, 14 Julai 2024

Mpendwa CHUMA,

Marahaba natanguliza kabisa, maana shikamoo yako najua iko njiani. Hujambo, baba? Beatha mkeo hajambo? Na huyo mdogo, meno yameota au bado anatafuna vidole? Sisi huku wazima. Baridi ya Julai ndiyo hiyo unayoijua, ukungu unashuka mpaka mlangoni na nguo hazikauki, lakini hakuna aliyelala kitandani, Mungu apewe sifa.

Usishangae jina lako kuandikwa kubwa kama bango la duka. Shangazi yako hajachanganyikiwa. Sababu utaikuta mwisho, na ole wako uruke mistari.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu unanikatiza, nami nikikatizwa napandwa na hasira. Isitoshe, jambo lenyewe linataka mtu akae chini alisome. Ni ule utafiti wa wazee, na yale majibu ya Bibi yaliyokuumiza.

Siku ile nilipokuambia kwamba Bibi kataja wajukuu wote akakuacha wewe, ulinijibu maneno mawili tu: "Basi kanisahau." Haukupita muda ukaamua aje kukaa kwako Dodoma, awe karibu na hospitali kubwa, na nyumba ya huku ifungwe. Sikukulaumu, maana hata mimi niliogopa. Nikimwona anatafuta miwani, naona kama tayari anatuponyoka.

Yeye hakubisha. Alianza kukunja kanga zake, akaacha kwenda kwaya, na makande anayoyapenda akawa anayasogezasogeza tu sahanini. Hilo liliniuma kuliko majibu yenyewe.

Sasa nikueleze vizuri. Wale watu wa chuo kikuu wanachunguza ubongo wa wazee. Wanataka kujua kwa nini mmoja husahau hata njia ya kwake, na mwenzake ana miaka tisini na bado anakumbuka nani hakuja kumzika mumewe. Siku ya kwanza alikuja mwanafunzi anaitwa Clemence, kijana mpole, mzaliwa wa Dar es Salaam. Alitaka mzee aulizwe peke yake asije akasaidiwa, kwa hiyo nikampa majina ya wajukuu nikaenda zangu shambani. Alimtajia Bibi maneno ya kukumbuka: chuma, ndizi, kanga. Baadaye akamwomba ataje wajukuu wake. Niliporudi akaniambia kwa huruma kwamba mama kasahau neno moja, kamsahau mjukuu aitwaye Chuma, na tena anachanganya wakwe na wajukuu. Nami nikakupa habari kama nilivyopewa.

Juzi akaja mwalimu wake, Daktari Jenifer. Alisema majibu yale hayakumkaa moyoni. Mzee kachora saa na mishale yake bila kukosea, kamsimulia kijana mahubiri ya Jumapili iliyopita neno kwa neno, halafu amsahau mjukuu? Akataka amsikie mwenyewe. Safari hii niliruhusiwa kukaa, ila nifunge mdomo. Unanijua mimi, nilijibana mpaka mbavu zikauma.

Akamtajia maneno yale yale, wakazungumza habari za migomba, kisha akamuuliza. Bibi akajibu bila kusita: ndizi, kanga, na kile kigumu.

Daktari akauliza kigumu kipi. Bibi akanyoosha kidole kwenye jembe lililoegemea ukuta, tena si kwenye mpini, bali kule chini kwenye chuma chake.

Mwanangu, nilishika kichwa. Tangu nikiwa mtoto namsikia mama yangu akisema lete kile kigumu, kigumu kimeshika kutu, nami nimelizoea neno hilo mpaka silisikii tena. Bibi aliolewa kwenye nyumba ya wahunzi. Baba mkwe wake ndiye mzee Chuma, babu yangu mimi, ambaye wewe umerithi jina lake. Na wanawake wa rika lake katika ukoo wetu hawatamki jina la baba mkwe, hata awe amekufa, hata jina liwe la kitu cha jikoni. Mimi binti wa nyumba hii nalitaja nitakavyo. Yeye aliyeolewa, hapana.

Daktari akainuka, akaenda kwenye picha za ukutani, akagusa ile yako ya kipaimara, ile uliyovaa tai ya baba yako ikakufika magotini. Akamuuliza huyu ni nani. Bibi akacheka kidogo, kisha akakaa vizuri.

"Huyo ni mkwe wangu. Ulipozaliwa uso ule, mzee wangu alirudi nyumbani. Jina lake siliweki mdomoni."

Unakumbuka ulivyokuwa ukija likizo akikuita Mkwe, nawe ukidhani ni utani wa bibi na mjukuu? Daktari alikuwa na sauti ya siku ile ya kwanza kwenye simu yake, akatusikilizisha. Chuma, ulitajwa. Tena ulitajwa wa kwanza. "Mkwe wangu," kisha ndipo wakafuata wengine.

Clemence alipoambiwa aliinama akamwomba Bibi radhi, na Bibi akamfungashia mkungu mzima wa ndizi ambao sijui aliubebaje. Daktari alisema kuanzia sasa, kila nyumba watakayoingia wataulizia kwanza majina yasiyotamkwa. Wala hakunificha kitu. Bibi anasahau miwani, anasahau chumvi kaiweka wapi, umri umefika, nao watarudi kila mwaka kumwangalia. Lakini ule ugonjwa tuliouhofia hajauona kwake.

Kwa hiyo nakuomba, baba, mwache mama yangu kwenye migomba yake. Kile kitanda ulichomnunulia kitamfaa mtoto akikua. Njoo wewe Desemba na watu wako wote. Jana alikwenda kwaya, na makande kayala akaongeza.

Binamu yako Tumainieli akipita Dodoma atakuletea perege wakavu, samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Uwaloweke kwanza, usije ukasema shangazi kakulisha chumvi. Mjomba wako Vitus anakusalimu, na jirani yetu Elinaza anauliza kama bado unaogopa mbuzi. Mungu aliyekulinda milimani akulinde na huko bondeni, wewe na wote waliomo mlangoni mwako.

Bibi yuko hapa ubavuni kwangu, miwani puani. Asubuhi nilipoanza barua hii nililiandika jina lako kwa mwandiko wangu wa kila siku, akanirudisha nianze upya.

"Liandike kubwa," akasema. "Kulitamka ndiko kwenye mwiko. Kulitazama hakuna aliyenikataza."

Ukiona wino umefifia pale juu, usidhani barua imenyeshewa. Ni kidole chake. Amekuwa akilipapasa jina lako tangu asubuhi.

Ni mimi nikupendaye, hata unaponikatiza,
Shangazi yako Justa