Pigo la Nne

Mama Nyangi, rafiki yangu,

Mwanao ni mzima, amekula, na sasa hivi yuko darasani. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo swali ambalo ungeuliza kabla hata ya salamu.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti chako cha plastiki, kile chenye mguu uliofungwa waya. Nilikichukua siku ile tulipohamisha vyombo vyako. Nyumba ya shule ilitakiwa na mwalimu mpya aliyeletwa kutoka Kigoma, naye alikuwa na watoto wadogo, kwa hiyo hatukuwa na haki ya kulalamika. Mumeo Marwa alimchukua yule mdogo wa Nyangi, akaenda kuishi naye Robanda karibu na ile kambi ya watalii anakopika. Nyangi alibaki kwangu hapa Morotonga ili asikatishe masomo. Miezi michache baadaye Marwa akaoa. Nakuambia wazi, kwa kuwa hatukuwahi kufichana. Mkewe anaitwa Rhobi. Nilikusudia kutompenda, lakini sikufanikiwa.

Baada ya kukuzika kule kwenu Matongo, sauti ya Nyangi ilipotea. Hakuwa bubu. Aliamkia, alijibu, aliomba chumvi. Lakini niliona midomo yake ikicheza kabla sijasikia chochote, na mara nyingi sikusikia kabisa. Darasani wakaanza kumruka zamu yake ya kusoma inapofika. Nami, kwa ujinga wangu wa miaka mingi ya ualimu, nilimwambia kila siku: "Simama wima. Tamka neno mpaka mwisho." Kila nilipomwambia hivyo, sauti ilizidi kupungua. Nisamehe kwa hilo.

Ngoma yako ya gwaride la asubuhi nayo ilikaa stoo. Masika ilipita juu yake na ngozi ikapasuka. Mwalimu wa zamu akawa anawaingiza watoto madarasani kwa filimbi. Sitakudanganya, mwanzoni nilifurahi. Unakumbuka tulivyogombana ofisini, nikisema kwamba ngoma inakula dakika kumi za kipindi changu cha kwanza? Ukanitazama, ukasema, "Mwalimu, wewe ungesahihisha hata kwikwi." Ofisi nzima ikacheka, nami nikakununia mpaka saa ya chai.

Kisha, asubuhi moja ya Jumamosi, nilikuwa nachambua maharage uani, na Nyangi alikuwa anaosha vyombo. Alipomaliza, alipindua beseni, akaanza kuligonga kwa mwiko. Nilifungua kinywa nimwambie asilipasue. Akapiga mara tatu. Akanyamaza. Kisha akapiga la nne.

Maharage yalinidondoka.

Kile kimya kilikuwa chako. Nilikwambia mara ngapi kwamba ni kosa? Gwaride ni moja, mbili, tatu, nne, bila pengo. Nawe ulinijibu, "Hiyo ni pumzi, Mwalimu. Mtoto amekimbia kutoka kwao, hajafunga hata vifungo. Mwache apumue, ndipo atembee." Sikukubali wakati ule. Lakini mtoto aliyeshindwa kuomba chumvi kwa sauti alikuwa amekihifadhi kimya hicho kwa urefu wake uleule.

Nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa, nikaipeleka ngoma Mugumu kwa Fundi Hamisi, yule anayeshona viatu na mabegi karibu na soko. Aliponiona nayo akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Umestaafu chaki, sasa unaanza ngoma?" Nilimjibu kwamba nimeleta kazi, sikuleta mzaha. Aliloweka ngozi ya mbuzi, akaitandaza, akampa Nyangi upande mmoja wa kamba. "Vuta, binti! Hii si kamba ya kuanikia nguo!" Nyangi alivuta mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. Jasho lilipomdondoka juu ya ngozi, Fundi Hamisi alicheka, akasema hilo nalo limeingia kwenye ngoma.

Tangu hapo akawa anafika shuleni kabla ya wote. Ngozi hulegea kwa umande, wewe unajua, kwa hiyo aliipasha karibu na jiko la uji. Aliigeuzageuza, akaigonga kwa kidole, akasikiliza, akaigeuza tena. Mpishi alimtania, "Mpiga ngoma, hiyo ikiiva unipakulie nami." Nyangi alitabasamu. Niliyaona meno yake.

Wiki ya kwanza ya kuwaingiza wenzake madarasani alipiga kwa woga. Waliokuwa nyuma hawakusikia. Wengine walianza na mguu wa kulia, wengine wa kushoto, mistari ikagongana, na vicheko vikawa vingi. Mimi, ambaye siku hizi huja mstarini kama mstaafu tu mwenye kuvumiliwa, niliuma midomo. Sikumsahihisha. Hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya shuleni pale. Wiki ya pili wasichana wa darasa la saba wakampigia kelele, "Nyangi, piga! Usiibembeleze, si mtoto!" Akapiga. Vioo vya ofisi vilitetemeka.

Siku hiyo, njia nzima ya kurudi nyumbani, alinisimulia nani alikosea mguu, nani alimkanyaga nani, na mwalimu wa hesabu alivyojikuta anatembea kwa mapigo yake akiwa na daftari kichwani. Nilimsikia kila neno. Alifanya makosa mawili ya sarufi, na yote mawili nikayaacha yapite.

Halafu Marwa alinipigia simu. "Shikamoo, Mwalimu. Jumatatu nakuja kumchukua Nyangi. Rhobi amekaribia kujifungua, na tembo wameingia shambani mara mbili. Nahitaji mtu wa kusaidia nyumbani." Hakusema kwa ubaya. Marwa si mtu mbaya, amechoka tu. Nilipomuuliza Nyangi anataka nini, midomo yake ikacheza kama zamani: "Nitakachoambiwa." Nikajua kwamba akiondoka hivyo, itakuwa ameondoka moja kwa moja.

Kwa hiyo niliandika hoja zangu. Kurasa nne, Mama Nyangi, kwa mpangilio mzuri, zenye utangulizi na hitimisho. Nikazitia mkobani.

Jumatatu wimbo wa taifa ulikuwa umeanza na bendera inapanda ndipo bodaboda ikafika langoni. Marwa alishuka. Nilimfundisha katika uwanja uleule akiwa darasa la tatu, na mwili wake haujasahau: alivua kofia, akasimama wima, mikono ubavuni, begi tupu likiwa linaning'inia kwenye mkono mmoja. Dereva naye alizima pikipiki, akasimama. Bendera ilipofika juu, Marwa alipiga hatua kuja kwangu, kisha akasita, kwa maana watoto walikwisha kujipanga, na gwaride halikatizwi katikati. Hilo nilimfundisha mwenyewe.

Nyangi alimwona. Alilitazama begi, akainua kijiti.

Pigo la kwanza. La pili. La tatu. Kimya.

Kimya kile kikarefuka. Shule nzima ilikuwa imeinua mguu wa kushoto. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza aliyumba, akamshika mwenzake shati. Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya mkoba, juu ya zile kurasa. Nikasema moyoni: amerudi kule, amepotea tena.

Akapiga la nne.

Miguu yote ilishuka pamoja, na langoni, rafiki yangu, mguu wa mumeo ulishuka pia. Alipiga hatua papo hapo, kwa mabuti yake ya jikoni, mpaka darasa la mwisho lilipoingia. Nadhani hakujua kama anafanya hivyo. Dereva ndiye aliyemzindua: "Mzee, na wewe una kipindi?"

Nyangi aliweka ngoma chini, akamwendea baba yake. Hakukimbia. Nilikuwa mbali, lakini nilisikia kila kitu, na mpishi aliyekuwa jikoni anasema naye alisikia.

"Shikamoo, Baba. Sitaki kuhama. Nataka nimalize la saba hapa. Mtoto akizaliwa nitakuja likizo nimbebe."

Marwa aliitazama ngoma pale chini. "Kumbe ni wewe unayepiga hivyo?"

"Ni mimi."

"Na kule kunyamaza kabla ya la nne?"

"Hivyo ndivyo alivyopiga mama."

Alijipangusa uso kwa kofia. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, utaweza kukaa naye?"

Nikajibu, "Nitaweza." Kurasa nne, na lilitosha neno moja. Begi lilirudi Robanda na viazi vitamu vyangu.

Rhobi alijifungua salama, mtoto wa kike. Likizo ilipofika Nyangi alikwenda kama alivyoahidi. Tembo walipokuja shambani walitoka wote kupiga madebe, naye akaongoza. Anasema majirani walilalamika kwamba tembo nao walikuwa wanasubiri pigo la nne. Leso yako uliyoizungushia kichwa cha kijiti cha ngoma ilikuwa imechakaa, na Rhobi alikata upande wa kitenge chake, akauzungushia juu yake, bila kuitoa iliyo chini. Nyangi aliniuliza kama wewe ungekubali. Nilimwambia kwamba ungeuliza kwanza kama rangi yake haichuji.

Zile hoja zangu nilimpa mpishi awashie jiko. Zilipasha ngoma asubuhi moja nzuri sana.

Sasa nakuaga, Mama Nyangi. Kengele ya mapumziko imelia na Nyangi anakuja huku anapiga kelele tangu barabarani. Nasikia jina langu. Mwezi wa kumi na mbili tutakuja Matongo kulipalilia kaburi lako, sisi na Marwa, na Rhobi akiwa na mtoto mgongoni. Ngoma tutakuja nayo. Nami nakuahidi jambo moja, ambalo wewe peke yako unajua lina uzito gani kwangu: mwanao nitamlea na kumfundisha yote niyajuayo, lakini akifika pale baada ya pigo la tatu, nitanyamaza.

Dada yako,
Mwalimu