Springi Sita za Lori na Safari ya Maawe

Mpendwa Taata,

Jana nilisimama katika duka la baiskeli pale Bukoba mjini, nikakukumbuka mpaka muuzaji akanivutia kiti nikae. Nilikuwa nimemsindikiza mjukuu wako Kokusima, ambaye siku hizi ni mwalimu, anatafuta baiskeli ya milimani ya kumfikisha shuleni kwake. Fremu mbili zilikuwa zimetundikwa ukutani. Moja ilikuwa na shokapu mbele tu, nyuma chuma kimekaza kama baiskeli zote tulizozijua sisi. Ya pili ilikuwa na shokapu mbele, na nyuma yake imekatwa, ikatiwa bawaba na springi nene chini ya tandiko. Nikauliza ile springi ya nyuma inafanyaje kazi. Kijana wa duka akajibu kwa wepesi kabisa, "Mama, kwanza niambie atakayeipanda ana uzito gani. Springi inapangwa kufuata uzito wa mtu."

Nilipigwa na butwaa, Taata. Watu wa viwandani, wenye mitambo na michoro yao, wamefika mahali ulipofika wewe ukiwa na msumeno, tupa na nyundo moja yenye mpini uliopasuka, ndani ya kibanda chako cha bati pale Nshamba. Na wewe ulifika mapema. Nilitaka kumwambia yule kijana, lakini ningeanzia wapi?

Ningeanzia vitani, labda. Vita ile na Uganda ilipokwisha ulikwenda na mafundi wenzako wa baiskeli hadi upande wa Kyaka kuokota chuma. Ukarudi siku ya tatu na springi sita za kiti cha lori la jeshi lililotelekezwa, umezifunga kwa kamba ya mgomba. Maawe, mama yangu, hakukupa hata maji ya kunawa. "Ungekanyaga bomu," alisema, "hizo springi ndizo zingenilelea watoto?" Ulicheka, ukazitundika kibandani. Ukatueleza kwamba wakati wakimbizi walipokuwa wakipita kwetu na magodoro yao, ulimwona bibi kizee amepakiwa kwenye keria ya baiskeli, akilia ateremshwe atembee, maana kila jiwe lilimpiga mgongoni. Ulisema baiskeli zetu zimetengenezwa kwa ajili ya anayesukuma, hakuna aliyemfikiria anayebebwa. Sisi watoto tulikuona unaongea mambo ya fundi tu.

Springi zikakaa ukutani miaka, zikashika vumbi. Kisha ukaja ule ugonjwa ambao watu waliupa jina la Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichotoka Uganda, kwa kuwa hakuna aliyejua auite nini. Zamani mgonjwa wa kijiji alibebwa kwa machela, wanaume wakipokezana mabega, na asiyetokea alitozwa pombe ya ndizi. Miaka ile wabebaji wenyewe walikuwa wanabebwa. Waliobaki wazima, baadhi yao waliogopa hata kugusa mti wa machela, na siwalaumu, hata mimi niliogopa.

Ugonjwa ukaingia kwetu kupitia Maawe, au kupitia wewe, hatukuulizana na haikusaidia kitu. Alipoanza kuumwa nyonga na mgongo kiasi kwamba godoro lenyewe lilimuumiza, aliomba jambo moja tu. Mama yake alikuwa Kagoma, amezeeka, miguu haimbebi tena. "Nataka kumwona mama nikiwa bado namtambua," alisema. Gari hatukuwa nalo, na basi lisingefika mlangoni kwa bibi.

Ulikuwa na fremu mbili kibandani. Ya kwanza ilikuwa nzima, imara, ile uliyoikusudia kuwa baiskeli yako ya uzeeni. Ya pili ilikuwa imepinda nyuma, wewe ukaikata kabisa, ukaitia bawaba ya mlango wa lori na kuzipanga zile springi sita chini ya keria. Ilikuwa inabonyea katikati ukiipanda. Ta Byarugaba, jirani yetu, alikuja akaitazama pande zote akasema, "Fundi, umeunda baiskeli au umeunda mbuzi anayecheza ngoma?" Kijiji kizima kilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa nikuambie dhambi yangu, ingawa ulikuwepo ukaisikia. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na ni mimi niliyepaswa kusukuma nyuma wakati wewe umeshika usukani. Tulizijaribu zote mbili kwenye kilima cha kwenda kanisani. Ile ngumu ilipanda vizuri, kila nguvu niliyoitoa ilikwenda kwenye magurudumu. Ile ya springi ilinila nguvu. Nikisukuma, inabonyea kwanza ndipo isogee, na nilifika juu nimelowa jasho. Nikasema, "Taata, twende na ile ngumu. Maawe atavumilia."

Hukunigombeza. Ulinipandisha kwenye keria ya ile ngumu, bila nguo ya kukalia, ukanisukuma kutoka kibandani hadi kanisani na kurudi, na katika mawe yote ya njia hiyo hukulikwepa hata moja. Nilishuka natembea kama bata. Ukasema, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Haya, mwana wange, chagua tena." Nilichagua tena. Sikukuomba radhi, nilikuwa na kiburi na makalio yanauma.

Jioni hiyo uliipima kama mafundi wote wa kwetu wanavyopima baiskeli, kwa gunia la kahawa. Baiskeli isiyobeba gunia, kwetu si baiskeli. Ulilipakia gunia lililojaa kahawa ya maganda, ukalisukuma kwenye mizizi na mashimo, gunia likawa linapanda na kushuka taratibu. Ulifurahi mpaka ukapiga mluzi.

Asubuhi tukampakia Maawe, tumemzungushia kanga na mto mgongoni. Springi hazikubonyea. Hazikubonyea hata kidogo, Taata. Gurudumu liligonga jiwe la kwanza pale njia ya kutokea nyumbani, na Maawe akatoa sauti ambayo sijaisahau. Ukasimama. Ukazitazama springi, kisha ukamtazama yeye, na nadhani ndipo ulipomwona kwa mara ya kwanza tangu augue, maana kila siku ulikuwa unaingia na kutoka chumbani ukisema anaendelea vizuri. Ukasema kwa sauti ndogo, "Nilipima kwa gunia."

Ukakaa chini kwenye majani makavu ya migomba na spana yako. Ukatoa springi moja, tukamkalisha, ikabaki ngumu. Ukatoa ya pili. Mikono yako iliyokuwa inanyoosha rimu bila kutazama ilishindwa kushika nati. Maawe ndiye aliyekuokoa. "Endelea kutoa, Fundi wangu," alisema, "ila uniachie angalau keria." Wote watatu tukacheka, na wewe ukawa unalia ukicheka. Ulipotoa ya tatu, keria ikashuka chini yake polepole, ikampokea.

Zilibaki tatu. Nusu ya gunia ndiyo iliyobaki.

Safari ile nimeisimulia mara nyingi na bado sijaielewa. Tuliondoka alfajiri, tukapita Muleba mabasi yakituachia vumbi, na kila kilima nilikisukuma kwa kifua. Mara nikaona kichwa cha Maawe kimelala upande, mikono imelegea. Mwanamke huyu hakuwa amepata usingizi kwa siku nyingi, usiku wake ulikuwa wa kuugulia tu. Nikapiga kelele, "Taata, Maawe amekufa!" Ukasimama, ukaweka sikio karibu na mdomo wake, ukainua kidole. "Mpola," ulisema. "Amelala. Tusukume polepole, tusimwamshe." Barabara ile ile iliyokuwa inavunja mayai kwenye vikapu, na yeye alilala juu yake kama mtoto mgongoni. Niliisukuma baiskeli nikitazama kisogo chako. Niliwaza: baba yangu ni nani hasa?

Alimwona mama yake. Walikaa siku nne, hawakuongea sana, walikuwa wanashikana mikono na kuchambua maharage. Tulipomrudisha nyumbani, ulitoa springi nyingine bila kuulizwa. Hakukaa mwezi.

Baada ya mazishi hata Ta Byarugaba alikuja kuiazima, kwa ajili ya mwanawe, na hakutaja mbuzi. Walikuja wengi, kutoka vijiji ambavyo hata sikuvijua. Wewe hukuuliza mgonjwa ni nani wala anaumwa nini, swali ambalo miaka ile lilikuwa kisu. Uliuliza tu, "Ana uzito gani?" Wakishindwa kujibu, ulikwenda mwenyewe, unambeba mgonjwa mikononi kidogo, unamrudisha kitandani, kisha unajua. Watu ambao ndugu zao waliogopa kuwagusa, wewe uliwanyanyua kwa kisingizio cha springi. Hili nimelielewa juzi juzi tu, Taata, nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Nimekaa nalo mezani, chai imepoa.

Kokusima nimemnunulia ile yenye nyuma ngumu. Yeye anapanda kwa miguu yake mwenyewe, nguvu yake yote iende kwenye gurudumu. Ya springi ni ya anayebebwa, na namwomba Mungu asiihitaji kwa miaka mingi.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya baiskeli ya Kokusima. Nakuandikia kwa sababu ya ile siku ulipoomba nikupeleke ukaone kibanda chako. Ulikuwa umelala miezi, ugonjwa ni ule ule, na ufunguo wa kibanda ulikuwa chini ya mto wako. Nikakunyanyua kutoka kitandani kwa mikono yangu miwili, na nikajua, kama wewe ulivyokuwa unajua. Nilikuegemeza mlangoni mwa nyumba, nikainama nyuma ya baiskeli na spana, nikikuzibia usione. Ukauliza, "Umeacha ngapi?"

Nikasema, "Nne, Taata."

Ukasema, "Nne. Basi bado nina mwili." Nikakupakia, nikakusukuma hadi kibandani kwako senta peke yangu, juu ya mawe yale yale uliyonipitisha mimi, na keria ikawa inapanda na kushuka chini yako taratibu, kama gunia lile. Mtu mwepesi kiasi kile juu ya springi nne angerushwa kama karanga kwenye kikaango. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Tulipofika uliomba nikushushe mlangoni, ukashika bega langu, ukainama ukazitazama springi kwa muda mrefu. Kisha ukaniwekea ufunguo mkononi ukasema, "Hizo nne umezipanga vizuri, fundi." Hukuwahi kuniita hivyo kabla.

Zilikuwa mbili, Taata. Ulizihesabu, nami nilikuona unazihesabu.

Pumzika pale chini ya migomba, karibu na Maawe. Kibanda bado kinafunguliwa kila asubuhi, na ninayekifungua ni mimi.

Binti yako